Jicho la mwenye kisukari linapokosa oksijeni

Retina, utando mwembamba unaopokea mwanga nyuma ya jicho, ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazotumia oksijeni nyingi zaidi kwa uzito wake. Gizani matumizi hayo hupanda zaidi. Kwa mwenye kisukari mahitaji hayo hayapungui, ilhali mishipa inayoyatimiza huharibika mwaka baada ya mwaka.

Sukari inapozidi, kimeng'enya kiitwacho aldosi reduktasi, ambacho kwa kawaida hakina shughuli kubwa, huanza kugeuza glukosi kuwa sorbitoli. Kingine huigeuza sorbitoli kuwa fruktosi. Kazi hiyo huvuruga kemia ya seli hadi ikawa kama imekosa oksijeni, hata kama oksijeni bado ipo. Baadaye kapilari huvuja, nyingine huziba kabisa, na upungufu huwa wa kweli.

Hapo ndipo vimeng'enya vya kundi la PHD vinapolegea, maana haviwezi kufanya kazi bila oksijeni. Ikiwepo ya kutosha, huitia alama protini iitwayo HIF, nayo huvunjwa ndani ya dakika chache. Ikipungua, HIF hurundikana, huingia kwenye kiini cha seli na kuchochea utengenezaji wa VEGF, protini inayootesha mishipa mipya ya damu. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019 kwa kufumbua utaratibu huu. Kwenye kidonda kinachopona mishipa hiyo ni neema. Ndani ya jicho ni balaa: ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu, kisha makovu yake huivuta retina ikabanduka.

Katika kaunti za Homa Bay na Migori kuna mzigo wa ziada ambao haupewi uzito unaostahili. Malaria na selimundu, magonjwa yaliyozoeleka kandokando ya Ziwa Victoria, hupunguza damu, na damu pungufu hubeba oksijeni pungufu. Upungufu wa damu umehusishwa na madhara makali zaidi ya kisukari kwenye retina. Isitoshe, selimundu huweza kukipotosha kipimo cha HbA1c, sukari ikaonekana imedhibitiwa kumbe sivyo. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji vipimo vingine vya sukari.

Tiba ya leza huunguza kwa makusudi sehemu za pembeni za retina. Seli zikipungua, mahitaji ya oksijeni hushuka, HIF huvunjwa tena na VEGF hupungua. Mgonjwa hupoteza kiasi cha uoni wa pembeni na wa usiku, lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 1976 ulionyesha kuwa leza hupunguza upotevu mkubwa wa uoni kwa zaidi ya nusu. Sindano kama bevacizumab huizuia VEGF yenyewe bila kurudisha oksijeni, ndiyo maana hurudiwa.

Huko Nakuru, uchunguzi wa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi uliwakuta zaidi ya theluthi moja ya wenye kisukari na dalili kwenye retina. Madhara hayo huanza bila maumivu wala ukungu machoni. Mwenye kisukari, awe Mbita, Rongo au Kehancha, achunguzwe retina kila mwaka, hata kama anaona vizuri.