Kila Swali na Karai Lake: Njia ya Mwombaji wa Udaktari kutoka Kigoma

Alfajiri katika mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inapotia nanga baada ya usiku wa taa, watu hawaanzi kwa kuuza. Wanaanza kwa kuchambua. Dagaa wanakwenda kwao, migebuka kwao, na kuhe akipatikana anatengwa, kwa kuwa bei yake si ya wenzake. Mnunuzi wa dagaa amekuja na hesabu za kuanika. Wa migebuka anawaza moshi na gari la kusafirisha. Ukimwaga vyote kwenye karai moja, watu watakuzunguka na biashara hutafanya.

Kila mwaka, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, kwa kawaida mwezi Julai, Kigoma hupata mavuno mengine: maswali. Ujiji, Mwanga, Gungu, Kasulu, Uvinza, kila nyumba yenye kijana aliyesoma PCB, yaani fizikia, kemia na bayolojia, inauliza. Pointi hizi zinatosha Muhimbili? Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, na cheti cha kidato cha nne kina la baba, itakuwaje? Mkopo unafunguliwa lini? Akikosa udaktari asome nini? Yule wakala anayepeleka watu China ni wa kuaminika?

Yote ni maswali ya haki. Tatizo ni kwamba yanaulizwa kwa pamoja, kwa mtu yeyote aliye karibu, na kwa mpangilio wa hofu badala ya mpangilio wa wakati. Swali la pointi ndilo lenye kelele kuliko yote, ilhali halina jibu kabla ya Julai. Swali la karatasi halina kelele kabisa, na ndilo lililopaswa kujibiwa kabla mtihani haujafanywa. Uchambuzi huu unajaribu kufanya kazi ile ya alfajiri: kutenga kila swali, kusema nani mwenye jibu, na linaiva lini.

Kwanza tuone maswali yalichanganyikaje. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ilianza mwaka 2010 kuendesha mfumo mmoja wa udahili kwa nchi nzima. Mwombaji aliingia sehemu moja, akapanga kozi na vyuo kwa kipaumbele, akasubiri kupangiwa. Kuanzia mwaka wa masomo 2017/2018 utaratibu huo ukaachwa, na waombaji wakaanza kutuma maombi moja kwa moja vyuoni. TCU ikabaki kuweka kalenda, kutoa mwongozo wa sifa na kuhakiki waliochaguliwa. Basi kaka aliyeingia chuo mwaka 2014 akimwambia mdogo wake leo “jaza TCU, watakupangia,” hasemi uongo. Anasema ukweli wa mwaka 2014. Sehemu kubwa ya ushauri unaopotosha huku kwetu ni wa aina hiyo: uliwahi kuwa sahihi.

Karai la kwanza ni la karatasi, na mwenye jibu ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, pamoja na ofisi ya kijiji au mtaa. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Hapa Kigoma ina mambo yake. Katika familia nyingi za Kiha, watoto wa baba mmoja hubeba majina tofauti, kila mmoja lake. Mwandikishaji wa shule ya msingi aliandika alivyosikia, na cheti cha kuzaliwa kikatafutwa miaka kumi baadaye. Majina yakipishana, mifumo ya kompyuta haijui kwamba ni mtu yule yule. Inahitaji hati ya kiapo au marekebisho yanayopita kwenye ofisi zaidi ya moja. Juu ya hilo, huu ni mkoa wa mpakani. Burundi iko kaskazini na Kongo iko ng'ambo ya maji, kwa hiyo anayefuatilia kitambulisho cha taifa hujibu maswali ya uraia ambayo mwenzake wa Dodoma pengine haulizwi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomalizika kwa siku mbili. Wakati wake ni kidato cha tano, au likizo ya kuingia cha sita.

Ndani ya karai hilo kuna swali dogo ambalo ukanda wa ziwa hauwezi kuliruka: aliyesoma ng'ambo. Wapo vijana waliosoma Bujumbura, Uvira au Kalemie, na wapo waliosoma kwa mtaala wa Kongo katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Kwa cheti cha nje, kabla ya kuuliza chuo, huulizwa Baraza la Mitihani, NECTA, ambalo ndilo hutoa ulinganifu wa vyeti vya sekondari vya kigeni. Chuo hakiwezi kusoma alama zako mpaka zigeuzwe kuwa lugha kinayoijua.

Karai la pili ni la fedha, na hili huwashangaza wengi kwa kuwa linakuja mapema. Miaka ya karibuni dirisha la maombi ya mkopo limekuwa likifunguliwa mwezi Juni, kabla ya matokeo kutoka. Mwenye jibu ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Anayengoja kujua amepata chuo gani ndipo aombe mkopo amepanga mambo kinyume. Bodi haiulizi kwanza umechaguliwa wapi. Inauliza wewe ni nani, wazazi wako ni nani, nani anakudhamini, na serikali ya mtaa au kijiji chako inakutambua. Ndiyo maana karatasi zinatangulia: aliyekwama kwenye karai la kwanza hafiki kwenye la pili. Kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi kuna pia ufadhili wa Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023. Huo una masharti yake, na usichanganywe na mkopo: mkopo hurejeshwa, ufadhili haurejeshwi.

Fedha ina upande mwingine ambao kalenda ya kitaifa haiujui. Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nia ilikuwa njema, lakini tazama tarehe hizo kwa macho ya mwombaji: ndiyo miezi ya kulipia uhakiki wa vyeti, ada ya maombi kwa kila chuo, na nauli. Nyumba inayokula kwa dagaa iliombwa fedha katika miezi ambayo wavu ulikuwa umekunjwa. Familia ya mvuvi yenye mwanafunzi wa PCB haina budi kuweka akiba hiyo Machi na Aprili.

Karai la tatu, sasa, ni lile la kelele: sifa. Mwenye jibu ni mwongozo wa TCU wa mwaka husika. Udaktari wa tiba unataka ufaulu wa kiwango cha “principal” katika fizikia, kemia na bayolojia, zote tatu. A hubeba pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hapo ndipo watu huishia, wakijumlisha tu. Tuchukue wawili: mmoja ana B, B na E, mwingine ana C tatu. Jumla ya kila mmoja ni 9. Lakini mwongozo hautazami jumla peke yake. Huweza kudai alama ya chini kwa kila somo, na E ile moja ikamwangusha wa kwanza mahali ambapo wa pili amepita. Kwa hiyo swali zuri si “nina pointi 9, zinatosha?” Swali zuri hutaja alama za masomo yote matatu, chuo na mwaka. Ukiuliza nusu ya swali utapewa nusu ya jibu, na nusu ya jibu ndiyo inayovunja mioyo.

Tena, kutimiza sifa si kuchaguliwa. Sifa ni mlango. Nafasi ni viti vilivyomo ndani. Mahali ambapo wenye sifa ni wengi kuliko viti, chuo huanza na wenye alama za juu. Muhimbili, ambayo shule yake ya udaktari ilianza mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, huvuta karibu kila mwenye alama nzuri nchini. Hapo tunaingia karai la nne, la kuchagua vyuo, na mwenye jibu ni ofisi ya udahili ya kila chuo. Bugando iko Mwanza, KCMC iko Moshi, Chuo Kikuu cha Dodoma kina udaktari, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaufundisha Mbeya, Kairuki iko Mikocheni, St. Francis iko Ifakara, na Zanzibar kuna SUZA. Mtoto wa Kigoma mara nyingi huwaza Dar es Salaam tu kwa kuwa reli ya kati, iliyofika ziwani mwaka 1914, inaishia huko, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250. Lakini mwenye alama za wastani akiweka maombi yake yote Muhimbili ni kama mvuvi aliyetega nyavu zote mahali pamoja usiku mmoja.

Karai la tano ni dogo na lina hatari: kuthibitisha. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, ndani ya siku zilizowekwa. Wengi hujaziwa fomu steshenari, na kwa kukosa laini yao wakaandika namba ya mwenye duka au ya shemeji aliyeko safarini. Wengine wakati huo wako kambini kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Mtabila, Bulombora au mkoa wa mbali, ambako simu haishikwi utakavyo. Basi kabla kijana hajaenda kambini, nyumbani kuwe na mtu mmoja anayejua kusoma ujumbe huo na kuutendea kazi, na laini ile isitolewe kwenye simu.

Karai la sita ni la njia nyingine, na lisifunguliwe kwa machozi. Stashahada ya utabibu iko chini ya baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, na mhitimu wake mwenye wastani mzuri, pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi kidato cha nne, anaweza baadaye kuomba udaktari kwa sifa linganifu. Njia ni ndefu, lakini huyo hufika chuoni akiwa tayari ameshika wagonjwa. Kuhusu nchi za nje, usimuulize wakala kama yeye ni mkweli. Uliza TCU kama chuo kinatambuliwa, na kumbuka kwamba atakayerudi atakutana na Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kuruhusiwa kutibu mtu. Asiyekuwa na sifa za kuingia udaktari hapa asidhani kwamba ndege itamwongezea.

Ukiyatazama makarai haya sita kwa pamoja, utaona yanafungamana kwa zamu: karatasi kabla ya Juni, fedha kuanzia Juni, sifa na vyuo kuanzia Julai, kuthibitisha baada ya majina kutoka, njia nyingine mwishoni. Daftari la shilingi chache linatosha kuyabeba. Kila ukurasa uwe na karai moja, na kila swali liandikwe pamoja na mambo matatu: nani mwenye jibu, jibu limetoka tarehe gani, na limeandikwa wapi. Jibu lisilo na tarehe litendewe kama samaki usiyejua alivuliwa lini.

Faida ya daftari hilo haiishii kwa mtoto mmoja. Mwalimu wa bayolojia katika shule ya kata huulizwa maswali yale yale kila mwaka, na kila mwaka huyajibu kwa mdomo, kisha maneno yakapotea. Yakiandikwa kwa kutengwa, wa mwaka ujao ataanzia pale mwenzake alipoishia, na litakalohitaji kubadilishwa ni tarehe na viwango tu.

Mambo yanaweza kuwa mepesi zaidi. Kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425 kwa vyuo vikuu vya umma, Muhimbili inajenga kampasi yake hapa Kigoma. Umbali utapungua. Lakini chuo kikiwa karibu na nyumbani, RITA bado itataka majina yafanane, Bodi bado itataka mdhamini, na namba ya siri bado itaingia kwenye simu ile iliyoandikwa kwenye fomu. Kampasi haitamchambulia mtu maswali yake.

Mzazi mwenye mtoto kidato cha tano PCB anayesoma haya, asingoje Julai. Afungue kabati leo, atoe cheti cha kuzaliwa na matokeo ya kidato cha nne, aviweke mezani, asome majina herufi kwa herufi. Kama hayafanani, swali la kwanza limeshapatikana.