Majina ya Wafanya Kazi Wageni katika Korea ya Kusini

Atakaye kujua jinsi watu wanavyopangwa daraja katika Korea ya Kusini na ayatazame majina wanayopewa wageni waliofuata kazi huko. Makusudi ya maelezo haya ni kuyachambua matatu miongoni mwa majina hayo.

La kwanza ni yeonsusaeng, yaani mwanagenzi. Viwanda vidogo vilipokosa watu wa kufanya kazi ngumu, chafu na za hatari, ulianzishwa mwaka 1991 mpango wa kuleta vijana kutoka nchi nyingine za Asia, ukapanuliwa mwaka 1993. Kwa kuwa waliitwa wanagenzi wala si wafanya kazi, hawakupata ulinzi kamili wa sheria za kazi. Januari 1995 wanagenzi wa Nepali walijifunga minyororo penye kanisa kuu la Myeongdong, mjini Seoul, wakidai ujira wao na kutaka kupigwa kukomeshwe. Sheria ya vibali iliyoanza Agosti 2004 iliwakubali kuwa wafanya kazi, na mpango wa kwanza ukafutwa mwaka 2007. Hata hivyo mwenye kibali hicho hawezi kumwacha tajiri wake apendavyo, wala haruhusiwi kuja na mke na watoto.

La pili ni dongpo, ambalo asili yake ni "tumbo moja", kama nasi tusemavyo ndugu wa tumbo moja. Lakini sheria ya mwaka 1999, iliyowapa nafuu Wakorea wa ng'ambo, iliwaacha waliohama kabla ya dola kuundwa mwaka 1948, ndio wengi wa China na wa nchi zilizokuwa za Kisovieti. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba iliamua kuwa jambo hilo halipatani na katiba.

La tatu ni damunhwa, yaani tamaduni nyingi. Sheria ya mwaka 2008 yalitumia kwa jamaa wa mwenyeji aliyeoana na mgeni. Mume na mke ambao wote ni wageni hawamo. Nalo, lijapokuwa lilitungwa kwa nia njema, mara nyingi humtenga mtoto aliyezaliwa Mkorea.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya kamusi tu. Kiwanda cha betri kilipoungua Hwaseong, Juni 2024, walikufa watu 23. Katika hao, 18 walikuwa wageni, na 17 wao walitoka China.