Ukungu wa maji waweza kupoza umati Eastlands, ila kivuli kwanza

KUANZIA Januari hadi mvua za masika zinapowadia Machi, jua huwaka vikali jijini Nairobi. Mgeni kutoka Mombasa au Garissa huenda akacheka anaposikia mkazi wa Umoja akilalamikia joto la nyuzi 28. Lakini kipimo hicho huchukuliwa kivulini, penye nyasi na upepo, wala si juu ya lami ya Kayole au katikati ya mabati.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu Kibera, Mathare na Mukuru ulibaini kuwa joto katika vitongoji hivyo huzidi lile linalopimwa katika kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti. Mitaa ya Eastlands nayo ina shughuli nyingi za hadhara: mikutano ya siasa Jacaranda, kandanda katika uwanja wa Camp Toyoyo, mahubiri ya wazi, na foleni za abiria Muthurwa. Wanaoumia upesi katika umati ni watoto wachanga, wazee, akina mama wajawazito na wenye maradhi ya moyo.

Njia moja inayotumiwa ng'ambo kuwapunguzia watu adha hii ni kunyunyiza ukungu wa maji hewani. Japani iliutumia katika maonyesho ya kimataifa ya Aichi mwaka 2005, na Saudi Arabia huutumia wakati wa Hija. Je, ungefaa Eastlands?

Kanuni yake si ngeni. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji kidogo hupenya na kugeuka mvuke nje ya ngozi yake, na ili yageuke mvuke hulazimika kuchukua joto kutoka kwa mtungi. Jasho hufanya kazi iyo hiyo mwilini. Ukungu hufanya hivyo hewani: pampu husukuma maji kwa nguvu inayozidi mara 30 hivi upepo wa gurudumu la gari dogo, yakatokea kwenye vitundu vyembamba mno yakiwa matone madogo kuliko unene wa unywele. Matone hayo hukauka kabla ya kumlowesha mtu. Lita moja ya maji ikikauka yote yaweza kupunguza kwa nyuzi 5 joto la hewa inayojaza ukumbi wa mita 10 kwa 10 wenye kimo cha mita 5.

Hapa Nairobi ina bahati kuliko Pwani. Hewa ikiwa kavu, maji hukauka upesi na kupoza zaidi. Chukua mchana wa Februari wenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 33: ukungu waweza, kinadharia, kushusha joto kwa nyuzi 10 hivi. Mombasa, penye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65, ungeshusha chini ya nyuzi 6, na kisha watu wangebaki wakinata. Bila shaka, uwanjani upepo huichukua hewa iliyopozwa, kwa hivyo nyuzi 3 hadi 5 karibu na mabomba ni mafanikio makubwa. Katika vichochoro vya Pipeline, ambako maghorofa yamebanana na upepo haupiti, unyevu ungejikusanya tu na kuwa kero.

(Mkazi wa Kamukunji akisikia maji yanarushwa juu ya umati, yamkini atakumbuka magari ya polisi ya kutawanya waandamanaji. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa.)

Hata hivyo, ukungu hauzuii miali ya jua. Mtu aliyesimama juani huchomwa na miali yenyewe pamoja na joto linalopanda kutoka ardhini, hata hewa inayomzunguka ikiwa imepoa. Katika Hija ya mwaka 2024 zaidi ya mahujaji 1,300 walifariki, na serikali ya Saudi Arabia ilisema asilimia 83 yao hawakuwa na vibali na walitembea mwendo mrefu juani bila kivuli wala mapumziko. Mitambo ya kupoza ilikuwapo, lakini haikuwafaa watu hao.

Jambo hili Eastlands yalijua kitambo. Jina la jua kali lilitokana na mafundi waliofua vyuma bila paa, na katikati ya miaka ya 1980, baada ya Rais Daniel arap Moi kuwatembelea mafundi wa Kamukunji, mabanda yalijengwa. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, ulipangwa kwa nafasi na miti. Kwa maoni yangu, turubai na miti ndiyo ya kugharimiwa kwanza, na ukungu uwekwe chini yake.

Kuna pia suala la usafi. Maji yanayokaa vuguvugu kwenye tangi au bomba huzaa bakteria wa legionela, ambao wakivutwa na pumzi pamoja na matone huleta homa kali ya mapafu. Mwaka 1989, katika mji wa Bogalusa nchini Marekani, zaidi ya watu 30 waliugua kutokana na mashine ya ukungu ya kuburudishia mboga dukani. Kwa hivyo maji ya mtaroni au ya tangi lisilooshwa hayafai kamwe. Maji ya visima, ambayo wengi huyaita ya chumvi, nayo huziba vitundu yasipochujwa.

Lakini maji safi yatatoka wapi? Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, na tangu mgao wa mwaka 2017 wakazi wengi wamezoea kununua kwa mtungi. Kitundu kimoja hutumia lita 5 hivi kwa saa. Vitundu 40 vikifanya kazi kuanzia saa sita hadi saa kumi vitamaliza lita 800, yaani mitungi 40 ya lita 20. Si maji mengi kwa mkutano wa maelfu, lakini mama aliyepanga foleni ya maji Dandora tangu alfajiri ana haki ya kuuliza ni nani aliyeyalipia. Waandaaji wa mkutano hawana budi kuyaleta kwa lori lao wenyewe, na kuweka kando yake tangi la maji ya kunywa. Lita hizo 800 zingewapa watu 1,600 nusu lita kila mmoja, na anayekaribia kuzirai huhitaji kivuli na maji ya kunywa kabla ya ukungu.