Uji, Jua na Mifupa ya Mtoto Asiyekula Nyama

Mjadala kuhusu watoto wanaolelewa bila nyama huanzia, mara nyingi, kwenye nyama yenyewe, ilhali mifupa inachohitaji hasa ni kalsiamu, fosforasi na vitamini D, na katika hivyo vitatu ni fosforasi peke yake inayopatikana kwa wingi katika nyama. Ndiyo maana mtoto wa familia ya Kihindu ya Mombasa au Dar es Salaam, ambaye hajaonja nyama tangu azaliwe lakini hunywa maziwa na kula mtindi kila siku, anaweza kuwa na mifupa imara kuliko mtoto wa jirani anayepata vipande viwili vya nyama Jumapili na kushinda wiki nzima kwa uji mtupu na ugali. Hatari imo katika chakula cha mimea kisicho na maziwa, kisicho na samaki wa kuliwa pamoja na mifupa yake kama dagaa, na kisichoongezewa chochote cha kuziba pengo hilo, kiwe kimechaguliwa kwa imani au kimeletwa na umaskini.

Mfupa wa mtoto hurefukia kwenye tabaka jembamba la gegedu, ile tishu ngumu kiasi lakini yenye kunesa, lililo karibu na ncha zake. Seli za gegedu huzaliana zikijipanga safu kwa safu, huvimba, kisha hufa na kuacha nafasi inayojazwa madini ya kalsiamu na fosforasi juu ya nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Takriban asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imo katika mifupa na meno, lakini ile sehemu ndogo inayobaki katika damu na seli ndiyo inayowezesha moyo kudunda na misuli kukaza, kwa hiyo mwili haukubali kamwe ipungue. Chakula kikileta kalsiamu kidogo, tezi nne ndogo za shingoni humwaga homoni inayoichota kalsiamu mifupani na, wakati huohuo, kuzifanya figo zipoteze fosforasi katika mkojo. Fosforasi ya damu inaposhuka, seli zilizovimba hazifi kwa wakati wake. Huendelea kurundikana bila kuwa mfupa, tabaka la gegedu hupanuka, vifundo vya mikono hunenepa, mbavu huota vinundu mahali zinapokutana na gegedu za kifua, na miguu ya mtoto anayeanza kutembea hupinda kwa uzito wake mwenyewe. Huo ndio ugonjwa wa matege.

Vitabu vya shule hufundisha kwamba matege husababishwa na upungufu wa vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza inapopigwa na miale ya jua, na kwamba kazi ya vitamini hiyo ni kuusaidia utumbo ufyonze kalsiamu. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayajakamilika, na pengo lake limewagharimu watoto wa nchi za joto. Katika mji wa Jos, katikati ya Nigeria, ambako jua halikosekani, madaktari walikuwa wakipokea watoto wengi wenye miguu iliyopinda. Kikundi cha watafiti, wakiwamo Tom Thacher na John Pettifor, kilichapisha mwaka 1999 matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 123 wenye matege: baadhi walipewa sindano za vitamini D peke yake, wengine kalsiamu peke yake, na wengine vyote viwili. Baada ya majuma 24, mifupa ilikuwa imepona au kukaribia kupona kwa asilimia 61 ya waliopewa kalsiamu na asilimia 58 ya waliopewa vyote viwili, lakini kwa asilimia 19 tu ya waliopewa vitamini D peke yake. Chakula cha watoto hao, kilichojengwa juu ya nafaka na karibu hakina maziwa, kiliwapa takriban miligramu 200 za kalsiamu kwa siku, wakati wataalamu wa matege duniani, katika makubaliano yao ya mwaka 2016, wanauona ulaji ulio chini ya miligramu 300 kuwa hatari hata pale vitamini D inapotosha. Ni haki kuongeza kwamba majirani wao wasio na matege nao walikula kalsiamu kidogo vilevile, jambo linaloonyesha kwamba miili haikabili uhaba kwa namna moja. Hata hivyo, tiba iliyowanyosha wagonjwa miguu ilikuwa kalsiamu.

Upande wa pili wa habari hii uko Uholanzi, kwa watu wasiofanana hata kidogo na wakazi wa Jos. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Wageningen, miongoni mwao Pieter Dagnelie na Wija van Staveren, waliwafuatilia watoto wa familia zinazofuata ulaji uitwao makrobiotiki, wa mchele usiokobolewa, kunde, mboga na mwani, usio na nyama wala maziwa, na ambao wafuasi wake waliyakataa pia matone ya vitamini D waliyopewa watoto wengine wa nchi hiyo. Wazazi hao hawakuwa maskini wala wazembe. Waliamini kwa dhati kwamba wanawalisha watoto wao chakula safi kuliko vyote. Mwishoni mwa majira ya baridi, dalili za matege zilionekana kwa asilimia 55 ya watoto, na baada ya kiangazi kwa asilimia 28. Hiyo namba ya pili ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu jua lilikuwa limekwisha kuwaka kwa miezi kadhaa, lakini zaidi ya robo ya watoto bado walikuwa na dalili: jua lilikuwa limeleta vitamini, ila kalsiamu ya kufyonzwa ilikuwa haba, na nyuzinyuzi za nafaka zisizokobolewa zilikuwa nyingi. Baadhi yao walipopimwa tena wakiwa vijana walikutwa bado na mifupa yenye madini machache kuliko wenzao, ingawa miaka ilikuwa imepita.

Nafaka huihusu mifupa kwa njia mbili, kwanza kwa kuwa na kalsiamu kidogo, kisha kwa kuizuia hata hiyo iliyopo. Mwingereza Edward Mellanby, aliyewapa mbwa wachanga matege kwa kuwafungia ndani na kuwalisha uji wa shayiri, alikuja kugundua kwamba nafaka ina kitu kinachozuia mifupa kukomaa, nacho kikatambulika kuwa fitati, yaani hifadhi ya fosforasi ndani ya mbegu, ambayo hushikana na kalsiamu, zinki na chuma na kuvitoa nje na kinyesi. Fitati hupungua nafaka inapolowekwa, kuoteshwa au kuchachushwa, kwa hiyo mama anayeandaa uji kwa kimea au kwa togwa anafanya kazi ambayo maabara inaithibitisha.

Mboga za majani nazo hazilingani. Mchicha na spinachi vina oksalati, asidi inayoifunga kalsiamu kiasi kwamba katika vipimo vilivyofanywa Marekani na Robert Heaney mwili ulifyonza takriban asilimia 5 tu ya kalsiamu ya spinachi, dhidi ya karibu asilimia 30 ya ile ya maziwa, wakati majani ya jamii ya sukuma wiki yalifyonzwa vizuri kuliko hata maziwa. Tatizo la sukuma wiki ni ujazo: tumbo la mtoto wa miaka miwili ni dogo, na haliwezi kupokea majani ya kutosha kutimiza mahitaji ya siku nzima.

Vitamini B12, ambayo mimea haina, ni suala la damu na neva kabla ya kuwa la mifupa, na upungufu wake kwa mtoto anayenyonyeshwa na mama asiyekula kitu chochote cha mnyama unaweza kumrudisha nyuma katika kukaa, kushika na kutamka. Huko Embu nchini Kenya, utafiti ulioanza mwaka 1998 na kuwapa wanafunzi githeri yenye nyama au githeri pamoja na maziwa ulionyesha kwamba vyote viwili vilipunguza upungufu wa B12 uliokuwa umewaenea watoto, watoto ambao hakuna aliyewaita walaji wa mimea ingawa ndivyo walivyokula.

Tafiti za karibuni zinaleta picha yenye unafuu. Nchini Kanada, watoto wapatao 9,000 waliofuatiliwa Toronto hawakutofautiana sana kwa kimo, wawe wanakula nyama au la, ingawa wasiokula walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na uzito mdogo. Nchini Poland, mwaka 2021, watoto wa miaka 5 hadi 10 wasiokula chochote cha mnyama walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 3, na mifupa yao ilipungukiwa madini kwa asilimia 4 hadi 6 hivi. Mpaka kati ya usalama na hatari, basi, haupiti kwenye nyama. Unapita kwenye maziwa, au kwenye kile kinachowekwa mahali pake: maziwa ya soya yaliyoongezewa kalsiamu (yale ya kusaga nyumbani hayana ya kutosha), B12 ya kidonge au matone, na vitamini D ya yuniti 400 kwa siku katika mwaka wa kwanza, hasa kwa mtoto anayefungiwa ndani, kama ilivyo kwa wengi katika vyumba vya mitaa yenye msongamano ya Nairobi.

Kwa watoto ambao hakuna atakayewanunulia maziwa hayo, jibu la Jos lilikuwa la bei nafuu mno: mawe ya chokaa yaliyosagwa, au samaki mkavu aliyesagwa na mifupa yake, vyote viwili viliponya. Uingereza iliamua wakati wa Vita Vikuu vya Pili kuchanganya chokaa katika unga wa mkate, kwa hofu ya fitati iliyokuwamo katika unga usiokobolewa vizuri, na sheria yake bado inadai hivyo kwa unga mweupe wa ngano. Viwango vya Tanzania vya unga wa mahindi unaorutubishwa vinataka chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, jambo jema linalostahili kufika hadi kwenye mashine ndogo za kusaga za vijijini. Kalsiamu haimo, na kwa ushahidi uliopo tangu mwaka 1999 ni vigumu kuona sababu ya kuendelea kuiacha nje.