Alan Page: Beki aliyevua kofia ya chuma akavaa joho la jaji

Na MWANDISHI WETU

MWANZONI mwa miaka ya 1960, kijana mmoja wa shule ya upili alipata kibarua cha mjengo mjini Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Jengo lenyewe lilikuwa jumba la kuwaenzi mashujaa wa kandanda ya Kimarekani, na lilifunguliwa mwaka wa 1963. Miaka 25 baadaye, kibarua huyo alirudi katika jumba lile lile. Safari hii hakuja na koleo. Alikuja kutawazwa kuwa mmoja wa mashujaa wenyewe.

Jina lake ni Alan Page.

Msomaji aliyezoea kandanda ya Gor Mahia na AFC Leopards asichanganyikiwe. Katika mchezo wa Wamarekani mpira una umbo la yai, hubebwa na kurushwa kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu kama za askari wa vita. Kazi ya Page ilikuwa katika safu ya mbele ya ulinzi. Alitakiwa kupenya ukuta wa wanaume wenye miili kama makabati, kisha amwangushe chini kwotabeki, yaani yule anayepanga mashambulizi, kabla hajaurusha mpira. Ni kazi ya maguvu, na wanaoifanya hawasifiwi sana.

Page alizaliwa Agosti 1945. Mama yake alifariki akiwa na umri wa miaka 13. Canton ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, na mvulana Mweusi asiye na masomo alijua fika ni wapi atakakomalia. Page alitazama kwenye televisheni vipindi vya wakili Perry Mason, akajiambia kwamba hiyo ndiyo kazi anayoitaka. Alikuwa bado hajacheza kandanda yoyote ya maana.

Alisomea Chuo Kikuu cha Notre Dame, timu ya chuo ikawa bingwa wa taifa mwaka wa 1966, na mwaka uliofuata akachukuliwa na klabu ya Minnesota Vikings. Huko ndiko alikojijengea jina. Yeye na wenzake watatu, Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen, walivaa jezi za zambarau na kuogopwa kiasi cha kubandikwa jina la Wala Watu wa Zambarau. Page hakuwa mzito kuliko wote, lakini alikuwa mwepesi ajabu. Mara nyingi aliyetumwa kumzuia alijikuta akikumbatia hewa.

Mwaka wa 1971 alitangazwa mchezaji bora wa ligi nzima ya NFL. Tuzo hiyo huwaendea wafungaji na warushaji. Kabla yake hakuna mlinzi aliyewahi kuipata, na tangu wakati huo ni mmoja tu mwingine aliyeipata, Lawrence Taylor, mwaka wa 1986.

Hata hivyo, kikombe kikubwa kilimponyoka. Vikings walifika fainali ya Super Bowl mara nne, Januari ya 1970, 1974, 1975 na 1977, na mara zote nne wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa hapa ndipo hadithi inapochukua njia ambayo wachezaji wengi hawaijui. Akiwa bado katika kilele cha umaarufu, Page alijiandikisha kusomea sheria. Jaribio lake la kwanza, katika chuo kingine, lilimshinda baada ya majuma machache tu. Alijaribu tena mwaka wa 1975 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akawa anacheza huku anasoma. Alihitimu mwaka wa 1978.

Wakati huo huo alianza kukimbia. Mkewe Diane, aliyemwoa mwaka wa 1973, ndiye aliyetangulia, kwa kuwa alitaka kuacha sigara. Page akamfuata, na kilo zikaanza kumtoka. Mnamo 1979 akawa mchezaji wa kwanza wa NFL kumaliza marathoni kabla ya kustaafu. Lakini tayari wakuu wa Vikings walikuwa wamechoshwa na wembamba huo. Mwaka wa 1978, ule ule wa kuhitimu, walimwachilia, na Chicago Bears wakamchukua kwa ada ya dola 100. Ndiyo, dola 100, kwa aliyekuwa mchezaji bora wa taifa! Page alicheza huko hadi mwisho wa msimu wa 1981.

Kwa wengi, hapo ndipo simu huacha kulia. Kwa Page, siku ya pili ilikuwa siku ya kwenda ofisini. Alifanya kazi ya uwakili, kisha akaingia ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la Minnesota.

Alipotawazwa kule Canton mwaka wa 1988, wengi walitarajia amwite kocha wake wa zamani amtambulishe, kama ilivyo desturi. Alimwita Willarene Beasley, mwalimu mkuu wa shule moja ya upili ya Minneapolis. Hotuba yake haikuhusu mabao bali masomo. Aliwahi kuona wachezaji wenzake, watu wazima waliopitia vyuo vikuu, wakishindwa kusoma kitabu cha mbinu za timu. Jambo hilo halikumtoka akilini. Mwaka huo huo yeye na Diane walianzisha wakfu wa kuwalipia karo wanafunzi wa jamii za wachache. Aliyepewa msaada alilazimika naye kwenda kuwasaidia watoto wadogo katika masomo. Maelfu walinufaika.

Huko Minnesota majaji huchaguliwa kwa kura. Mwaka wa 1992 Page alitaka kugombea kiti katika Mahakama ya Juu ya jimbo, lakini gavana akamwongezea muda jaji aliyekuwapo ili uchaguzi usifanyike. Page alikwenda mahakamani, akashinda kesi, kisha akashinda kura. Januari 1993 akawa Mweusi wa kwanza kuketi katika mahakama hiyo. Alibaki hapo hadi Agosti 2015, alipotimiza miaka 70 na sheria ikamtaka astaafu.

Mwaka wa 2017, baada ya wanafunzi kudai mabadiliko, shule moja ya Minneapolis iliyoitwa jina la gavana wa zamani aliyetaka Wahindi Wekundu wa Dakota waangamizwe ilipewa jina la Jaji Page. Mwaka uliofuata ulikuwa mchungu. Septemba 2018 Diane alifariki. Majuma machache baadaye, Novemba, Page alikwenda Ikulu ya Washington kupokea Nishani ya Uhuru ya Rais, bila aliyekimbia naye miaka yote hiyo.

Kandanda ilimwachia alama moja. Kidole chake cha mwisho kiliteguka uwanjani na hakikurudi sawa. Kimepinda kama kona ya meza. Watoto wa shule hawakuchoka kumuuliza habari zake, hata mwaka wa 2013 yeye na bintiye Kamie, ambaye ni mwalimu, wakakitungia kitabu cha watoto.

Na kwa miaka mingi, siku ya marathoni ya Minneapolis na St. Paul, wakimbiaji waliopita karibu na nyumba yake walimkuta kando ya barabara, jaji mzima, amejivika tarumbeta kubwa begani, akiwapulizia wapite.