Nywele za Mbele Zisipotii: Tuzitunze, Tusizivute



Kila inapokaribia Pasaka, Kipaimara au Komunyo ya Kwanza, akina mama na mabinti katika parokia zetu huwa na shughuli moja zaidi ya kushona nguo, nayo ni kusuka. Katika kusuka huko, nywele zinazoleta ubishi kuliko zote ni zile za mbele, juu ya paji la uso. Ni fupi, ni laini, hazishikiki. Ukizilaza asubuhi, wakati wa mahubiri zimekwisha simama. Ndipo msusi huambiwa, "Hapo mbele kaza kidogo, zikae."

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia kukaza huko. Sisi wauguzi tunawapokea akina mama, na hata wasichana wa shule, ambao nywele zao za mbele zimeondoka na kuacha paji la uso likipanda hadi karibu na utosi. Wengi huja wamechelewa.

Kwa nini hazitulii

Unywele wa Mwafrika hutoka katika ngozi ukiwa tayari umejikunja. Mafuta ya asili ya kichwa hayafiki kwa urahisi hadi nchani kwa sababu ya mikunjo hiyo, kwa hiyo nywele hukauka na kukatika upesi. Ukizinyoosha kwa kitana cha moto, zitalala mpaka zipate jasho au manyunyu ya mvua, kisha zitarudia umbo lake. Huo si ukaidi; ndivyo zilivyoumbwa.

Zile za mbele ni nyembamba kuliko za utosini. Kwa hiyo ndizo zinazovutwa zaidi na ndizo zisizoweza kuvumilia.

Hasara ya kuvuta

Kila unywele una mzizi wake ndani ya kifuko kidogo chini ya ngozi. Msuko ukikazwa, kifuko hicho huvutwa mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Kwanza ngozi huvimba, kisha unywele hung'oka, na unaoota baadaye huwa mwembamba zaidi. Mvuto ukiendelea kwa miaka, kifuko hufa na mahali pake huwa kovu.

Jambo hili si la Waafrika peke yao. Waganga waliliandika kwa mara ya kwanza mwaka 1907, walipowaona wanawake wa Greenland waliozoea kufunga nywele zao kwa kuzikaza sana. Limeonekana pia kwa wanaume Wasikhi wanaofunga nywele zao ndefu juu ya kichwa. Lakini kwetu sisi tunaosuka tangu utotoni ni la kawaida mno. Utafiti wa Cape Town, Afrika ya Kusini, uliotolewa mwaka 2008, ulilikuta kwa msichana mmoja hivi kati ya kila 6 wa shule, na kwa karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliosuka nywele zilizotiwa dawa ya kunyoosha.

Dalili za kuangalia

1. Maumivu ya kichwa baada ya kusuka, au kushindwa kulala kwa sababu ya mvuto.
2. Vipele vidogo kwenye mashina ya nywele, wakati mwingine vyenye usaha.
3. Nywele fupi zilizokatika pembeni mwa paji la uso na juu ya masikio.
4. Mstari mwembamba wa nywele laini unaobaki mbele kabisa, na nyuma yake uwazi.

Ukiona dalili ya kwanza au ya pili, usimeze vidonge vya maumivu na kungoja msuko ulegee wenyewe. Dawa yake ni kufumua, siku hiyo hiyo, hata kama fedha ya msusi imekwisha lipwa. Nywele zikiachwa mapema huota tena, ila yataka subira, kwa kuwa unywele hukua karibu sentimita 1 tu kwa mwezi. Ngozi ikiwa imekuwa laini na yenye kung'aa kwa miaka mingi, hakuna mafuta ya dukani wala ya sokoni yatakayorudisha nywele hizo. Msipoteze fedha za familia.

Namna ya kuzilaza bila kuziumiza

Zilowesheni kwa maji kidogo, pakeni mafuta kidogo ya nazi au Vaseline, kisha zilazeni kwa brashi laini. Fungeni kitambaa laini juu yake kwa dakika 10 au 15, bila kukaza, halafu mfungue. Zitakaa kwa muda wa kutosha kwa Misa. Zikisimama tena, hazijakosa adabu.

Wakati wa kusuka, mwambieni msusi aanze nyuma kidogo, upana wa kidole kimoja, na aziache nje zile nywele changa. Mabutu yaliyolegea, au twende kilioni isiyokazwa, ni salama kuliko rasta nyembamba zenye nywele ndefu za bandia, kwa sababu uzito nao huvuta. Msuko usikae zaidi ya wiki 6 hadi 8, na baada ya kufumua kichwa kipumzike kabla ya kusuka tena. Nywele zilizotiwa dawa zisisukwe kabla ya wiki 2 kupita.

Mabinti wengi hukata nywele kwa amri ya shule. Likizo ikifika, mama hutaka kumsuka mtoto mwenye nywele za kucha. Msusi hawezi kuzishika bila kuzivuta. Heri zichanwe tu, zipakwe mafuta, mtoto aende kanisani hivyo hivyo.

Dawa ya kunyoosha

Nyingi ya dawa hizi zina magadi makali ya jamii ile ile inayotumika kutengenezea sabuni. Huunguza ngozi, na zile nywele nyembamba za mbele huwa za kwanza kukatika. Watoto wasitiwe dawa hizi kabisa. Ikimwunguza mtu, isuguliwe hapana. Imwagiwe maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Tusipake dawa ya meno, asali wala mafuta. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji namna hiyo hiyo, kisha hospitali mara moja. Mtoto akiimeza, asitapishwe. Asukutue mdomo, apelekwe hospitali haraka pamoja na kopo la dawa. Kopo hilo likae juu, mbali na mikono yake.

Si kila upara hutokana na kusuka

Mabaka ya mviringo yenye magamba kichwani mwa mtoto mara nyingi ni mapunye, nayo huhitaji vidonge kutoka hospitali. Kupaka peke yake hakutoshi. Mama aliyejifungua aweza kupukutika nywele kichwa kizima miezi michache baadaye, na kwa kawaida hurudi zenyewe. Upungufu wa damu nao huweza kupunguza nywele. Kwa hiyo njooni tuangalie kabla ya kununua dawa.

Mama na binti

Wahenga walisema: ukitaka uzuri sharti udhurike. Methali hii imewafanya watoto wengi washikwe kichwa katikati ya magoti na kuambiwa wanyamaze. Mtoto anayelia anaposukwa hadeki. Anatueleza habari ya mizizi ambayo sisi hatuioni. Bwana wetu mwenyewe alitaja nywele za kichwa alipotaka kutufundisha jinsi Mungu anavyotujali. Nasi tusizihesabu kuwa kitu kidogo.

Baba naye asaidie. Asimcheke binti au mkewe kwa nywele zilizosimama, maana kicheko hicho ndicho kinachowarudisha kwa msusi wakaze tena.

Basi mtoto akisema, "Mama, inauma," aaminiwe, na msuko ulegezwe kabla hajalala.