Kazi ipi ipewe kompyuta, na nani aongoze?

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MFANYABIASHARA anayetaka kuingiza kompyuta dukani au katika chama chake huanza kwa kuuliza bei. Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. La kwanza ni kazi gani hasa inayotakiwa kuondolewa mikononi mwa karani, na la pili ni nani atakayesimamia mabadiliko hayo hadi yakamilike.

Wanaoruka maswali hayo mawili huishia kuendesha shughuli kwa vitabu viwili: mashine juu ya meza na daftari ndani ya mtoto wa meza. Siku hesabu zisipolingana, daftari ndilo linaloaminiwa, na fedha zilizonunua mashine zimekwenda bure.

Chukua mfano wa duka la jumla eneo la Mtendeni, mjini Tabora, linalouza sukari, mafuta ya kula, sabuni na mabati. Kwa siku moja duka la namna hiyo hupokea mzigo, huhesabu stoo, hupanga bei, huuza, hutoa stakabadhi, hukopesha, hudai na kulipa vibarua. Muuzaji wa programu akidai kuwa bidhaa yake itafanya yote hayo kuanzia Jumatatu, mwenye duka ana kila sababu ya kushtuka.

Kazi inayofaa kukabidhiwa kompyuta ni ile inayorudiwa mara nyingi, yenye kanuni isiyobadilika, na ambayo kosa lake hugharimu fedha. Hesabu ya stoo ni ya namna hiyo. Ikiwa mifuko 200 ya sukari iliingia na 140 imeuzwa, lazima ibaki 60. Hapo haihitajiki busara bali umakini usiochoka, ambao karani aliyesimama tangu asubuhi huwa hana tena ifikapo jioni.

Mali kauli ni habari nyingine. Mwenye duka humpa mchuuzi wa kijijini bidhaa bila kupokea fedha, kwa ahadi kwamba atalipa akishauza. Kumbukumbu ya deni hilo, yaani nani, kiasi gani na tangu lini, yafaa kabisa kuwekwa kwenye kompyuta. Uamuzi wa nani apewe mzigo ni kazi ya mwenye duka, anayejua kuwa fulani amechelewa kwa sababu ya msiba na mwenzake amechelewa kwa mazoea. Programu itawaona wote wawili kuwa wadaiwa wa siku 40.

Wengi wana mlango wa kuanzia bila kujua. Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010 kwa ajili ya kodi, na hazikupokewa kwa furaha; mwaka 2013 na 2014 wafanyabiashara wa Kariakoo na wa mikoa kadhaa walifunga maduka kuzipinga. Malalamiko yao kuhusu bei ya mashine yalikuwa na msingi. Lakini mashine ile huhifadhi kumbukumbu ya mauzo ya kila siku, na wapo wenye maduka wanaoyanakili upya kwa mkono kila jioni.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi nje ya mji, katika vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima wa tumbaku, zao lililoubeba uchumi wa Tabora kwa miaka mingi. Mkulima hukopa pembejeo kupitia chama. Akishavuna na kukausha, hufunga tumbaku katika marobota na kuipeleka sokoni, ambako mteuzi wa Bodi ya Tumbaku huipanga katika madaraja. Robota hupimwa, kilo huzidishwa kwa bei ya daraja lake, deni la pembejeo hukatwa, na kinachobaki ndicho chakula na karo ya nyumba hiyo kwa mwaka mzima.

Tarakimu zile hunakiliwa kutoka kwenye mizani kwenda kwenye karatasi, kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye leja ya chama, kisha kwenye orodha ya benki. Kalamu ikiteleza mara moja, kilo 74 zikaandikwa 47, mkulima amepoteza kilo 27 na huenda asijue. Kunakili huko ndiko kunakostahili kuondolewa mapema.

Uteuzi wa madaraja, kwa upande wake, ubaki kwa binadamu. Jani hutazamwa rangi, hushikwa, huangaliwa ukomavu wake, na mkulima asiyeridhika ana nafasi ya kubisha mbele ya mtu anayeweza kumjibu. Akiambiwa kuwa mfumo ndio ulioamua, atambishia nani?

Kuna hatari kubwa zaidi. Iwapo orodha ya waliochukua mbolea ina makosa au majina hewa, kompyuta itakata makato yasiyo sahihi kwa usahihi mkubwa. Na mahali ambapo wanachama wamedhaminiana, deni hewa hulipwa na jirani aliyelima kwa jasho lake. Kwa hiyo, hata sasa ambapo Tume ya Maendeleo ya Ushirika inavitaka vyama vitumie Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU), kazi ya kusafisha orodha kwa kumwita mwanachama mmoja mmoja inabaki pale pale.

Tanzania iliwahi kujifunza hili kwa gharama. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye likafanyika jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta, likashindikana: takwimu zilizoingizwa zilikuwa mbovu, wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, na mambo mengi yaliwategemea wageni. Fedha zilipotea, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa taratibu, lakini ilikwisha kuirudisha nchi nyuma kwa miaka mingi.

Mwaka 1998 wizara hiyo hiyo ilijaribu tena, kwa mfumo uliokuja kujulikana kwa jina la programu yake, Epicor. Safari hii walioongoza walikuwa Ofisi ya Mhasibu Mkuu wa Serikali, yaani wenye hesabu wenyewe, na utaratibu wa malipo ulikuwa umeanza kurekebishwa kabla ya mashine kuwashwa. Mfumo huo haukuzuia kila ubadhirifu, na hakuna unaoweza. Lakini ulidumu kwa takriban miaka 20.

Kwa hiyo, nani aongoze? Tabora ina jibu la zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo, safari ya takriban miezi mitatu, ilikuwa na tajiri aliyetoa mtaji na askari waliolinda mizigo, lakini aliyetangulia mbele alikuwa kirangozi. Mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, mpagazi miongoni mwa wapagazi, aliyeijua njia kwa miguu yake, visima vyake na mahali pa kulala. Tajiri aliyempuuza angeweza kufika Ugogo bila maji.

Kirangozi wa duka au chama ni yule anayeifanya kazi inayobadilishwa: mtunza stoo, karani wa mizani, mhasibu. Fundi wa kompyuta asiongoze, kwa kuwa anaijua mashine lakini hajui kwa nini stakabadhi ya njano hupelekwa ghalani kabla ya nyeupe. Muuzaji wa programu ndiye asiyefaa kabisa. Mmiliki au bodi ya chama wana kazi yao, nayo ni kutoa fedha, kumpa kirangozi mamlaka yanayojulikana na kila mtu, na kumlinda dhidi ya wale ambao uwazi utawanyima riziki ya pembeni. Hao wapo karibu kila mahali, na mara nyingi ndio wanaosema kwa sauti kubwa kuwa kompyuta haifai.

Karani naye huogopa kupoteza kazi, na hofu hiyo haitulizwi kwa hotuba. Aambiwe mapema atafanya nini baada ya leja kufungwa. La sivyo, atahakikisha haifungwi.

Inashauriwa kuanza na kazi moja na kuiendesha kwa njia zote mbili, daftari na kompyuta, kwa muda uliowekwa, huku tofauti zikitafutiwa sababu kila jioni. Tofauti za mwanzoni mara nyingi hufichua makosa ya daftari lenyewe. Mkataba uonyeshe nani atatengeneza mfumo ukiharibika, na nakala ya kumbukumbu ihifadhiwe nje ya jengo, maana umeme hukatika na kompyuta huibwa.

Kwa chama cha tumbaku, wakati wa kuanza ni pembejeo zinapogawiwa, miezi mingi kabla ya soko, kwa sababu deni la mkulima huandikwa siku hiyo, akiwa amesimama hapo na mfuko wake wa mbolea mkononi.